Shepadi anachimba bustani na kukimbiza boda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mazoezi na akili ya mbwa wa kuchunga

Nafuga shepadi hapa Dar, mwaka wa saba huu, na kabla yake nilimharibu mmoja kwa kutojua tu, ndiyo maana jamaa zangu wakishanunua mbwa na mambo yakianza kuwachachia wananitafuta mimi. Maswali ni yale yale. Nikisema shepadi namaanisha German Shepherd, wale ambao mtaani kwetu wanaitwa jamani shepadi, na siku niliporudi kazini nikakuta mpira wa kumwagilia maua umekatwa vipande vipande kama bamia, nilisema jamani kweli.

Shepadi si mbwa wa ulinzi? Hiyo kuchunga inatoka wapi?

Tumemzoea kwa polisi na magetini, ila jina lenyewe linasema, ni mbwa wa wachungaji wa Kijerumani. Mwaka 1899 afisa mmoja aliyetoka jeshi la farasi, Max von Stephanitz, alinunua mbwa akamwita Horand von Grafrath na huyo ndiye shepadi wa kwanza kuandikishwa. Kazi yao ilikuwaje sasa, kule mashamba hayakuwa na uzio, kondoo wanalishwa kwenye ukanda wa majani na pembeni kuna mazao ya watu, mbwa anatembea kwenye mpaka mbele nyuma mbele nyuma kutwa nzima ili kondoo asiguse shamba la mtu. Yaani yeye ndiye alikuwa fensi.

Ukishajua hilo nenda kaangalie ukuta wako wa uani. Kwangu kuna kanjia kembamba kamechimbika kando ya fensi, majani yalikuwa hayaoti kabisa, ukimwaga maji yanasimama humo kama mfereji. Miaka miwili nilikuwa nalalamika kwamba mbwa ananiharibia nyasi kumbe mwenzangu yuko zamu!

Wengine wa ukoo huo ni Border Collie wa mpakani mwa Uingereza na Skotilandi, ambaye anainama chini na kuwakodolea kondoo macho mpaka wanasogea wenyewe. Kuna Malinois wa Ubelgiji, huyo ni shepadi aliyekunywa kahawa vikombe vitano. Kuna Corgi na yule wa ng'ombe wa Australia, hao wanasukuma mifugo kwa kung'ata visigino. Ila usiwachanganye na mbwa wanaolinda mifugo, mfano wale wakubwa wenye asili ya Uturuki ambao huko Namibia wafugaji wamekuwa wakipewa tangu 1994 ili duma asile mbuzi. Hao wanalala na mbuzi na kubweka, hawamswagi mtu. Tabia ni mbili tofauti kabisa na mahitaji yao pia ni tofauti.

Anahitaji mazoezi kiasi gani kwa siku?

Mkubwa mwenye afya, weka kama saa moja na nusu mpaka mbili kwa jumla, umegawa asubuhi na jioni. Border Collie na Malinois wanataka zaidi. Lakini usiikariri hiyo namba kama dozi ya dawa, maana saa moja ya kutembea huku ananusa na kufikiri inamchosha kuliko saa mbili za kuzunguka uwanja bila kitu cha kufanya, nitaeleza huko mbele.

Nina eneo kubwa, nusu eka nzima. Si atakuwa anakimbia mwenyewe?

Hakimbii. Atakimbia siku tatu za kwanza, baada ya hapo harufu zote keshazijua, kila mti keshaukojolea, ataenda kulala mbele ya mlango kukusubiri wewe. Uwanja ni mahali tu. Mbwa wa kuchunga karne zote hizo amefanya kazi na mtu, anasikiliza mluzi, anaangalia mkono, kwahiyo ukimwacha peke yake kwenye nusu eka ni sawa na kumfungia fundi kwenye karakana nzuri isiyo na kazi. Atajitafutia, na kazi atakayojitafutia hutaipenda.

Kwetu mbwa anafungiwa bandani mchana, usiku ndiyo anafunguliwa. Kuna ubaya?

Ndivyo nyumba nyingi zinavyofanya, na mimi nilifanya hivyo hivyo kwa yule wa kwanza. Jeki alikuwa bandani kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa moja usiku. Alianza kuzunguka kwenye kona moja, kila mara upande ule ule, kushoto, kushoto, kushoto, nikawa naita watu waje waone nikidhani ni mchezo. Halafu akaanza kujilamba mguu mpaka manyoya yakaisha ikabaki ngozi nyekundu. Daktari wa mifugo alipokuja akaniambia kaka huyu haumwi ngozi, huyu ameboeka mpaka kichwa kinamsumbua. Kuzunguka, kujilamba, kubweka ukuta, kukimbiza mkia wake, hizo tabia zikishaota mizizi ni kazi kweli kuzitoa hata ukimpa mazoezi baadaye.

Ukiwa huna namna nyingine basi mtoe walau mara mbili mchana, hata dakika ishirini ishirini, na chakula chake ale kwa kukitafuta asiwekewe tu kwenye sufuria. Mnyororo ndiyo usiseme, mbwa wa mnyororo anakuwa mkali kwa woga na si kwa ujasiri.

Nimeanza kumkimbiza kilometa nane kila asubuhi, mbona ndiyo anazidi kuchachamaa?

Hahaa, hili naulizwa na vijana wa mazoezi. Umemjengea stamina mkuu! Mwanzo alichoka na kilometa tatu, sasa nane ni pasha misuli tu, mwezi ujao utahitaji kumi na mbili, na wewe una mwili mmoja. Na kumrushia mpira mara mia moja ni ugonjwa huo huo, anapandwa na munkari, moyo unadunda, akirudi ndani hajui namna ya kushuka.

Kinachokosekana hapo ni breki. Mbwa wa kondoo mzuri anaambiwa lala katikati ya mbio na analala pale pale kondoo wakiwa mita tano mbele yake, na hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi, siyo mbio. Kwahiyo punguza kilometa ziwe nne, njiani msimamishe, mwambie kaa, subiri, pita kuku, pita geti lenye mbwa anayebweka, tembea taratibu, kimbia, simama. Ukifika nyumbani umlaze kwenye mkeka wake dakika kumi na tano wewe unakunywa chai. Akiamka mrudishe kimya kimya. Wiki ya kwanza utatamani kulia, ya tatu utashangaa.

Joto la Dar na manyoya yale, nimtoe saa ngapi?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mpaka saa moja, jioni kuanzia saa kumi na mbili. Kati ya hapo, hasa Desemba mpaka Machi, sahau. Mbwa hatoi jasho kama sisi, ana kajasho kidogo chini ya nyayo tu, anajipooza kwa kuhema na ulimi nje ili mate yakauke, sasa hewa ya pwani yenyewe imeshalowa unyevu, mate hayakauki vizuri, joto linabaki ndani. Wenzetu wa Arusha na Nairobi wana unafuu hapa.

Lami iguse kwa nyuma ya kiganja uhesabu mpaka saba, ukishindwa kuvumilia na yeye nyayo zitamuungua. Ukiona anahema kwa fujo, ufizi umekuwa mwekundu sana, anayumba au anatapika, hiyo ni hatari siyo uchovu. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida ya bomba, mpepee, halafu kwa daktari moja kwa moja. Na usimnyoe upara eti apate hewa, yale manyoya yanamkinga na jua pia, mchane tu kila siku (utapata gunia).

Jambo lingine, akitoka kula usimkimbize, subiri saa moja au mbili. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu kama shepadi tumbo linaweza kujaa gesi na kujisokota, na hilo linaua ndani ya saa chache.

Mtoto wa miezi minne naye nimkimbize?

Hapana. Mifupa ya mbwa mkubwa inaendelea kufunga mpaka miezi kumi na mbili hata kumi na nane, na shepadi tayari ana historia ya nyonga mbovu. Asikimbizwe kwenye lami, asiruke kutoka kwenye pikapu, asipandishwe ngazi za ghorofa kila saa. Acheze kwenye majani anavyotaka, akichoka alale, na atalala sana, saa kumi na nane kwa siku ni kawaida. Umri huu tumia kumwonesha dunia: bajaji, mvua ya bati, mtoto analia, mama mwenye beseni kichwani, mzee mwenye fimbo. Akishamaliza chanjo mbebe hata mkae kituo cha daladala nusu saa mnaangalia watu. Hiyo ni kazi kubwa kwa kichwa chake.

Watu wanasema mchoshe akili. Akili inachoshwaje?

Hapa ndipo penyewe, na hakuhitaji hela.

Anza na pua. Chakula chake cha asubuhi kimwage kwenye majani umwambie tafuta. Kama unampikia ugali na dagaa, finyanga vitonge vidogo uvifiche, kimoja chini ya ndoo, kingine nyuma ya tairi, kingine juu ya tofali. Mwanzo aone ukificha, baadaye asione. Dakika kumi na tano za hivi na anaenda kulala mwenyewe bila kuambiwa, nimejaribu kwa wote.

Chukua chupa ya soda ya plastiki, toa kifuniko na karatasi, toboa matundu mawili matatu, weka vipande vikavu, aisukume mpaka vitoke. Ukimwona anaanza kuila chupa, mnyang'anye. Kanga chakavu izungushie nyama ndogo ndogo uifunge mafundo, afungue. Kopo gumu jaza ugali laini na mchuzi wa mifupa usio na kitunguu (kitunguu ni sumu kwao) ugandishe kwenye friza, siku ya joto hiyo ni peremende. Na sisi wa pwani tuna dafu, bwana. Likishanywewa maji mpe zima zima, ataling'ang'ania saa nzima akiwa ameshikilia kwa miguu ya mbele, ila akianza kumeza nyuzi za makumbi liondoe. Gunzi la mahindi na kokwa la embe usimpe kamwe, vinaziba utumbo na operesheni yake utauza simu.

Halafu majina ya vitu. Kuna Border Collie jike Marekani, aliitwa Chaser, mwenye wake profesa mstaafu John Pilley alimfundisha majina ya vitu vya kuchezea 1,022, utafiti ukachapishwa 2011. Elfu moja! Yule mzee alikuwa anakaa naye saa nne tano kwa siku kwa miaka mitatu. Mimi wangu anajua kumi na moja na najisifu nao. Unaanza na kimoja, unakitaja, analeta, unampa zawadi, siku nyingi hivyo hivyo, halafu unaongeza cha pili na unavichanganya. Raha ya huu mchezo unaucheza umekaa kwenye kochi.

Kubwa kuliko yote mpe kazi ya kweli. Wangu anabeba gazeti kutoka getini, anapeleka ndala kwa baba yangu kibarazani, na saa mbili usiku tunazunguka naye fensi nzima tukikagua, kila kona anakaa nikimwambia sawa ndiyo twende. Alipopewa hiyo zamu ya usiku kanjia kale ka mchana kameanza kuota majani.

Anang'ata watoto visigino wakikimbia. Ameanza ukali?

Siyo ukali, anawachunga. Watoto watano wanatawanyika huku wanapiga kelele, kwake hao ni kondoo waliokosa nidhamu. Kuwinda kwa mbwa kuna hatua, anaona, anakodoa, ananyemelea, anakimbiza, anashika, anaua, na binadamu alichofanya ni kumfuga mpaka hatua za mwanzo zikabaki kali na za mwisho zikafifia. Kwa wa ng'ombe ile ya kushika kidogo imebaki makusudi.

Lakini kisigino cha mtoto wa jirani kikitoka damu hakuna atakayekusikiliza hiyo historia. Watoto wakianza kukimbizana mbwa awe kwenye kamba au ndani. Wafundishe wanao wakimwona anakuja wasimame kama mti, kinachosimama hakichungiki. Usimpige, kipigo kinamfundisha kwamba watoto wakija na mabaya yanakuja.

Na bodaboda je?

Ni akili ile ile, na mbaya zaidi kila boda anayoikimbiza inaondoka, kwahiyo kwenye hesabu zake ameshinda kila siku. Kwanza funga geti. Pili simama naye mbali na barabara, kwa kamba, mahali ambapo akiona boda anaiangalia tu bila kulipuka, akiangalia mpe kipande cha nyama kabla hajaamua. Sogea taratibu siku hadi siku. Ilinichukua mwezi na nusu na kilo kadhaa za mapupu. Sasa boda ikipita ananigeukia mimi kudai chake.

Naweza kumchezesha kwa taa ya leza? Anaipenda sana.

Usijaribu, tena kwa hawa ndiyo kabisa. Kale kadoa hakashikiki, anakimbiza kitu ambacho hakina mwisho, na mbwa wa kuchunga ni wepesi kunasa hapo. Wapo wanaoishia kukodolea vivuli ukutani, mwanga wa saa, mmulikiko wa maji. Chukua fimbo ndefu, funga kamba, mwisho funga kitambaa, ukiburute chini akikimbize, kila raundi mwambie lala kabla ya kuanza na mwisho mwache akishike kweli akitafune. Dakika kumi zinatosha.

Ninunue mbuzi wawili awe anawachunga?

Swali zuri na watu wamelifanya! Jibu fupi, mbuzi watakufa kwa presha. Mbwa asiyefundishwa akiachiwa na mifugo anakimbiza mpaka mnyama anavunjika mguu au anaangukia fensi. Mimi alinikusanyia kuku wa mama mkwe wote kwenye kona ya choo, akawalalia mbele hawatoki, hakumla hata mmoja, ila wiki nzima hawakutaga na mama mkwe hakunisemesha. Nunua mpira mkubwa mgumu ambao hawezi kuung'ata, ausukume kwa pua na mabega, umfundishe kuuleta mpaka golini.

Natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi saa tatu usiku, foleni. Nifanyeje?

Kama hujanunua bado, usinunue shepadi. Chukua wa kienyeji mkubwa aliyetulia, walinzi wazuri na hawana mambo mengi. Kama umeshanunua, tafuta mtu. Usimwachie dada wa kazi kama anaogopa mbwa, utawatesa wote wawili. Kijana wa mtaani anayependa mbwa, umlipe vizuri, umfundishe zile amri unazotumia wewe, maneno yale yale, kama wewe unasema lala yeye asiseme chini. Mlinzi wa usiku naye anaweza kupewa ule mzunguko wa fensi.

Majirani wanalalamika nikitoka naye, wengine wanasema najisi.

Heshima kwanza. Mtaa wetu una msikiti, watu wanatoka alfajiri wametawadha, mate ya mbwa yakimgusa mtu nguo inabidi akaioshe tena, wewe unaona kitu kidogo yeye anachelewa swala. Mimi nabadilisha njia saa za swala, kamba fupi, navuka upande wa pili nikiona mtu anakuja, nasalimia mimi kwanza. Kinyesi naokota. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa nimepiga picha kiko kwenye simu, siku moja mzee mmoja alinisimamisha akanihoji nikamwonesha, tangu hapo ananiuliza hali ya mbwa kabla ya hali ya watoto.

Akirudi kutembea ana kupe kibao, nimchome ile sindano ya ng'ombe?

Ya ivermektini unamaanisha. Usijichomee kienyeji. Collie wa manyoya marefu na ndugu zake wengi, na shepadi baadhi, wana hitilafu ya kurithi inayofanya ile dawa ipenye mpaka kwenye ubongo, anapofuka, anaanguka, anaweza kufa. Dozi ya mifugo ndiyo hatari zaidi. Muulize daktari akupe ya mbwa, na kila mkirudi mpapase masikioni na katikati ya vidole.

Nitajuaje kwamba sasa anatosheka?

Analala mchana bila kuguna kila geti linapogongwa. Anakula taratibu. Ukishika kamba anafurahi ila haparamii ukuta. Ukikaa anakaa. Wangu siku hizi mchana anajilaza kwenye kivuli cha mwarobaini miguu juu, kuku wanapita wanamdonoa mkia, anafungua jicho moja, anawahesabu, analifunga.